Safari ndefu ya kwenda kusoma Asia: mwongozo kamili, kuanzia barua ya udahili hadi kadi ya ukaazi

Mwanafunzi anayejiandaa kwenda kusoma Asia huwaza sana ndege: saa ngapi angani, atalalaje, itakuwaje akipotea uwanjani. Ndege ndiyo sehemu nyepesi. Ukishafunga mkanda huna cha kuharibu wala cha kutengeneza. Watu hukwama kwenye kaunta ya kukabidhi mizigo kabla hata hawajaondoka, hukwama wanapobadilisha ndege, na hukwama zaidi katika wiki za mwanzo baada ya kutua. Mara nyingi karatasi inayotakiwa ipo, ila imo ndani ya sanduku ambalo limeshakwenda tumboni mwa ndege, au imo kwenye barua pepe ambayo huko uliko haifunguki.

Kwa hiyo hapa tutafuata karatasi kuliko mawingu.

Viza inaanzia chuoni

Katika nchi nyingi za Asia ubalozi ni kituo cha mwisho. Kazi kubwa hufanywa na chuo, ambacho hukuombea kibali kwa mamlaka za kwao; kibali kikitoka ndipo unapeleka pasipoti ubalozini. Ndiyo maana mtu muhimu kuliko wote katika miezi hii ni yule karani wa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa anayekuandikia barua pepe fupifupi. Mjibu siku hiyohiyo. Akikwambia nakala haisomeki, usibishane naye, piga skani upya.

Japani, chuo huomba Cheti cha Ustahiki, ambacho wote wanakiita COE. Tangu Machi 2023 kinaweza kutumwa kwa barua pepe, jambo lililopunguza presha ya kungoja bahasha. Ila kina uhai wa miezi mitatu tu tangu kilipotolewa: usipoingia Japani ndani ya muda huo, kimekufa na mnaanza upya. China, chuo kinakutumia barua ya udahili pamoja na fomu ya JW201 ikiwa una ufadhili wa serikali ya huko, au JW202 ikiwa unajilipia. Kwa hizo unaomba viza ya X1 kama masomo yanazidi siku 180, au X2 kama ni ya muda mfupi. Korea Kusini viza ya shahada na ya kubadilishana wanafunzi iko kundi la D-2, na ya kozi ya lugha iko D-4. Raia wa baadhi ya nchi hutakiwa pia cheti cha kipimo cha kifua kikuu. Malesia maombi hupitia taasisi ya EMGS. Singapuri unapewa barua ya idhini ya awali, na hiyo ndiyo unayoingia nayo nchini kabla ya kukamilisha kibali chenyewe.

Hesabu kwa kurudi nyuma kutoka siku ya kufungua. Japani muhula mkuu huanza Aprili, na mwingine Septemba au Oktoba. Korea ni Machi na Septemba. China wengi huanza Septemba. Toa hapo miezi minne, hiyo ndiyo siku ya kuanza kukusanya makaratasi. Miezi miwili inawezekana, lakini utaishi kwa roho mkononi.

Kagua pasipoti kabla ya kitu kingine chochote. Iwe na angalau miezi sita mbele na kurasa tupu za kutosha. Kama itaisha katikati ya masomo, ibadilishe sasa, kwa sababu namba yake itaandikwa kwenye kibali, kwenye viza na kwenye tiketi, na kuibadilisha katikati kunakurudisha ofisi tatu. Jina nalo liandikwe kila mahali kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, kwa mpangilio uleule. Ukiwa na majina matatu kwenye pasipoti na mawili kwenye barua ya udahili, omba barua irekebishwe sasa hivi. Kadi yako ya ukaazi itanakili pasipoti, na benki na kampuni ya simu zitanakili kadi hiyo. Kosa dogo la herufi moja litakufuata mpaka siku ya kuhitimu.

Vyeti vya shule huenda vikahitaji kuthibitishwa. Japani, Korea Kusini na India zimo kwenye Mkataba wa Apostili, unaofanya hati za nchi moja mwanachama zitambuliwe katika nyingine kwa muhuri mmoja, na China imeingia rasmi tarehe 7 Novemba 2023. Ikiwa nchi iliyotoa cheti chako nayo imo, muhuri mmoja wa apostili unatosha. Ikiwa haimo, cheti kinapita wizara ya mambo ya nje kisha ubalozi, na hapo ongeza wiki kadhaa.

Tiketi: bei ndogo ina masharti yake

Usinunue tiketi kabla viza haijabandikwa. Najua bei hupanda. Tiketi isiyorudishwa fedha ya safari usiyoruhusiwa kuifanya ni ghali kuliko zote.

Sasa, njia ya kwenda Asia karibu kila mara ina kituo kimoja au viwili katikati. Jambo la kuangalia kwanza ni kama vipande vyote vya safari vimo kwenye tiketi moja, chini ya namba moja ya uwekaji nafasi. Vikiwa pamoja, mzigo kwa kawaida huenda moja kwa moja hadi mwisho, na ndege ya kwanza ikichelewa, shirika lina wajibu wa kukutafutia nyingine. Ukinunua tiketi mbili tofauti kwa sababu jumla yake ni nafuu, huenda ukalazimika kutoka katikati, kupita uhamiaji, kuchukua mzigo na kuukabidhi upya. Kupita uhamiaji maana yake viza ya nchi hiyo. Na ukikosa ndege ya pili, hakuna wa kumlaumu.

Angalia pia jina la uwanja, usiishie kwenye jina la mji. Tokyo ina Narita na Haneda, Seoul ina Incheon na Gimpo, Shanghai ina Pudong upande mmoja wa jiji na Hongqiao upande wa pili, Beijing ina Capital na Daxing, Bangkok ina Suvarnabhumi na Don Mueang. Tiketi inayokushusha Pudong na kukupandisha Hongqiao inakudai uvuke jiji zima na mizigo yako, tena ukiwa umeshaingia nchini.

Tarehe huwachanganya hata wasafiri wazoefu. Ndege ya 00:30 ya tarehe 5 inaondoka usiku ule ulioanza jioni ya tarehe 4, kwa hiyo uwe uwanjani tarehe 4 kabla ya saa nne usiku. Watu hufika uwanjani tarehe 5 jioni, wamependeza, wakiwa na ukoo mzima wa kuwaaga, na ndege ilishatua zamani.

Panga kufika asubuhi au mchana, siku ya kazi, siku mbili tatu kabla ya juma la ukaribisho. Treni nyingi za kutoka uwanjani husimama karibu na usiku wa manane, na Narita kwa mfano iko kama kilomita 60 kutoka katikati ya Tokyo. Teksi ya umbali huo inaweza kumeza bajeti yako ya chakula ya wiki kadhaa. Usiwahi mno pia. Bweni lina tarehe ya kufungua milango, na mlinzi hana mamlaka ya kukuonea huruma.

Kabla ya kulipa, uliza kama shirika lina nauli ya wanafunzi. Baadhi hutoa mzigo wa ziada kwa mwenye barua ya udahili, na kilo hizo zina thamani kuliko punguzo dogo la bei.

Chanjo na dawa

Ikiwa unatoka nchi yenye hatari ya homa ya manjano, au utapita kwenye uwanja wa nchi kama hiyo kwa zaidi ya saa 12, nchi nyingi za Asia zitadai kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo hiyo. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na tangu tarehe 11 Julai 2016 kinadumu maisha yote, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka kumi. India ni wakali hasa: asiye na cheti anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Kadi hiyo ikae ndani ya pasipoti, isikae sandukuni.

Kwenye dawa ndiko kuna hatari ambayo vijana wengi hawaijui. Dawa halali kwenu inaweza kuwa ya kulevya kwa sheria ya kule. Japani hairuhusu kabisa dawa za jamii ya amfetamini, hata ukiwa na barua ya daktari, na hizo hutumika katika baadhi ya nchi kutibu tatizo la umakini. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine zaidi ya asilimia 10 nazo ni marufuku. Dawa nyingine za kuandikiwa na daktari unaruhusiwa za mwezi mmoja; ukizidisha hapo, unaomba hati ya uingizaji iitwayo Yunyu Kakunin-sho kabla ya kusafiri. Nchi yoyote unayokwenda, andika majina ya kitaalamu ya dawa zako, siyo ya kibiashara, na uulize ubalozi kwa maandishi. Beba dawa kwenye pakiti zake za asili pamoja na barua ya daktari ya Kiingereza. Vidonge vilivyomwagwa pamoja kwenye kikopo kimoja havina utetezi.

Sigara za kielektroniki ziache nyumbani. Singapuri, Tailandi na India zimezipiga marufuku.

China huhitaji fomu ya uchunguzi wa afya kwa wa masomo ya muda mrefu. Vipimo huhesabika miezi sita, kwa hiyo usiwahi mno kupima. Beba fomu ya asili, picha ya kifua na majibu ya damu. Kituo cha afya cha kule kitaangalia, na kikikuta picha yako ya pasipoti iliyobandikwa kwenye fomu haikupigwa muhuri juu yake kitakupima upya kwa gharama yako.

Begi la mkononi

Pakia begi hili kana kwamba sanduku kubwa litachelewa siku tatu. Ndivyo huwa kwa watu wengi kuliko unavyodhani, hasa pale muda wa kubadilisha ndege ulipokuwa mfupi.

Ndani yake kuna faili moja la plastiki. Humo weka pasipoti, barua ya udahili ya asili, kibali au fomu ya viza ya asili, barua ya ufadhili au ya benki, vyeti vya shule vya asili, kadi ya chanjo, bima, uthibitisho wa malazi, na nakala mbili za kila kimoja zikiwa kando. Afisa wa uhamiaji anaweza kutaka kuona karatasi ileile uliyoonyesha ubalozini, na kumwambia kwamba iko kwenye mzigo hakusaidii kitu. Ongeza kalamu ya wino. Utashangaa watu mia mbili wanavyogombea kalamu mbili kwenye ukumbi wa uhamiaji.

Weka na picha za pasipoti, tena za vipimo vya nchi unayokwenda: Japani hutumia sentimita 4 kwa 3, China milimita 33 kwa 48, Korea milimita 35 kwa 45, India ya mraba ya inchi 2. Picha kumi si nyingi. Kadi ya chuo, bweni, benki na uhamiaji, kila mmoja ataomba zake.

Andika anwani ya bweni kwenye karatasi kwa maandishi ya kule, pamoja na namba ya simu ya mapokezi. Mwombe karani wa chuo akutumie. Dereva wa teksi wa Chengdu, China, hana sababu ya kusoma herufi za Kilatini, na simu yako itakuwa imezima chaji wakati huohuo. Karatasi haizimi.

Pawabenki inakaa hapa, haiendi kwenye sanduku kubwa. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 bila kuomba ruhusa. Hesabu ni rahisi: chukua mAh (ujazo wa chaji ulioandikwa kwenye pawabenki), zidisha kwa volti, gawa kwa 1000. Ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni wati-saa 74, inapita. Masharti yameongezeka baada ya ndege kuteketea uwanjani Gimhae, Busan, Januari 2025. Tangu tarehe 1 Machi 2025, kwenye ndege za mashirika ya Korea haikai tena kwenye kabati la juu. Unakaa nayo mwilini, mfuko wa kiti au chini ya kiti. China, tangu tarehe 28 Juni 2025, pawabenki isiyo na alama ya 3C, ambayo ni alama ya usalama ya China, haipandi ndege za ndani ya nchi. Hii inawanasa wanafunzi wanaotua Guangzhou au Beijing wakiendelea na ndege ya ndani kwenda mji wa chuo: walivuka bahari nayo, wananyang'anywa kwenye kipande cha mwisho.

Mengine ni ya kawaida: nguo ya kubadilisha, mswaki, dawa za wiki, sweta la kwenye ndege, chaja. Vimiminika visizidi mililita 100 kila kichupa.

Sanduku kubwa

Kilo 23 hujaa haraka. Shauri langu ni kupunguza nguo na sabuni, ambazo Asia nzima inauza, na kubakiza vile usivyoweza kuvipata: viatu kama mguu wako ni mkubwa, vipodozi vya nywele na ngozi vinavyokufaa wewe, miwani ya akiba. Vifaa vya umeme vipime. Japani umeme ni volti 100, Korea na China 220, India 230. Chaja ya simu au kompyuta iliyoandikwa 100–240V inafanya kazi kote, inataka adapta tu. Pasi na mashine ya nywele ya volti 220 ikifika Japani itapata uvuguvugu.

Nyama usibebe, hata soseji iliyokaushwa. Japani adhabu ya kuingiza nyama bila cheti cha ukaguzi inaweza kufika kifungo cha miaka mitatu au faini ya yeni milioni 3, na mbwa wa kunusa wanazunguka mkanda wa mizigo. Chingamu Singapuri haiingii.

Piga picha sanduku likiwa wazi na likiwa limefungwa.

Simu na pesa

Hapa ndipo maandalizi ya jioni moja yanaokoa wiki nzima. Fikiria uko mbele ya mashine ya tiketi za treni, watu wanasubiri nyuma yako. Unaingiza kadi, benki inatuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi, na ujumbe huo umekwenda kwenye laini uliyoiacha kwenye droo. Laini yako ya zamani isafiri nawe, ikiwa imewashiwa huduma ya kupokea ujumbe nje ya nchi. Iarifu benki unakokwenda. Beba kadi mbili za benki tofauti, moja isikae kwenye pochi. Na beba taslimu ya kukutosha siku tatu nne, ikiwezekana ya nchi hiyo. Ukibeba nyingi, kuna kiwango cha kutangaza forodhani: China ni kuanzia unapozidisha thamani ya dola 5,000, Korea dola 10,000, Japani yeni milioni moja.

China ina somo lake la pekee. Google, WhatsApp, Instagram, Facebook na YouTube zimefungwa. Barua yako ya udahili iliyo kwenye Gmail haitafunguka kwa intaneti ya uwanja wa ndege, kwa hiyo pakua kila kitu kwenye simu. Sakinisha WeChat na Alipay ukiwa bado nyumbani, jithibitishe kwa pasipoti, unganisha kadi ya benki. WeChat huweza kutaka mtumiaji mwingine akuthibitishe unapofungua akaunti, na kumpata saa tisa usiku ukiwa peke yako ukumbini si mchezo. Ukitumia laini ya nje kwa data ya kuzurura (roaming), mawasiliano hupitia mtandao wa kwenu na mara nyingi yanafunguka; nunua hata ya wiki moja. Na waambie wazazi mapema mtatumia programu gani. Ukimya wa siku mbili kutoka kwa mtoto aliyepanda ndege unaweza kuua mtu kwa presha.

Siku ya kuondoka

Ndani ya siku tatu kabla ya kufika, jaza kadi ya kuingia ya mtandaoni kama nchi yako inaitumia. Tailandi imeifanya lazima tangu tarehe 1 Mei 2025. Singapuri na Malesia nazo zinayo. Zote tatu ni bure. Tovuti inayokutoza pesa kwa fomu hiyo si ya serikali.

Kwenye kaunta usishangae ukihojiwa kuliko utakavyohojiwa na uhamiaji wenyewe. Shirika la ndege likimbeba abiria asiye na hati sahihi hutozwa faini na kumrudisha kwa gharama zake, kwa hiyo mhudumu analinda mfuko wa mwajiri. Atauliza tiketi ya kurudi iko wapi. Mwenye viza ya mwanafunzi ya muda mrefu kwa kawaida haitakiwi, lakini mhudumu aliyezoea watalii anaweza asikumbuke. Usipaze sauti. Mwonyeshe viza na barua ya udahili, mwombe aangalie kwenye mfumo au amwite msimamizi. Fika saa tatu kabla ili mazungumzo hayo yawe na nafasi.

Akikupa stika ya mzigo, isome kabla hujaondoka pale. Iwe na herufi tatu za uwanja wako wa mwisho: NRT ni Narita, ICN ni Incheon, PVG ni Pudong. Ikiandikwa uwanja wa katikati, uliza palepale. Uliza pia swali hili hata kama unaona aibu: "Mzigo nauchukulia wapi?" Ukiingia China au Japani na kuendelea kwa ndege ya ndani, mara nyingi unauchukua kwenye uwanja wa kwanza wa kuingilia, unaupitisha forodhani, halafu unaukabidhi tena.

Angani hakuna mengi. Kunywa maji, simama utembee kila baada ya saa mbili, maana kukaa kwa zaidi ya saa nne bila kunyoosha miguu huongeza uwezekano wa damu kuganda. Weka saa ya nchi unayokwenda mara tu unapokaa, na ujaribu kulala kwa usiku wa kule. Kuelekea mashariki huchosha zaidi, kwani saa ya mwili inazidi kidogo saa 24 na hivyo kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kuwahi. Ukifika, toka nje upate mwanga wa mchana na usilale kabla giza halijaingia. Siku chache zitakuwa za wenge. Usisaini mkataba wa chumba katika siku hizo.

Kutua

Mbele ya afisa jibu ulichoulizwa. "Unakuja kufanya nini?" Kusoma, chuo fulani, muda fulani. Mpe pasipoti na barua. Huhitaji kueleza ndoto zako.

Japani kwenye viwanja vikubwa kama Narita, Haneda, Chubu na Kansai utapewa kadi ya ukaazi palepale. Hapohapo unaweza kuomba kibali cha kufanya kazi za muda, saa 28 kwa wiki. Fomu ni ya ukurasa mmoja. Ijaze kabla ya kufika na umkabidhi afisa pamoja na pasipoti. Ukipita bila kuomba, utakwenda kupanga foleni ofisi ya uhamiaji na kungoja wiki kadhaa kwa kitu kilekile.

Mzigo usipotokea kwenye mkanda, usitoke ukumbini. Nenda dawati la mizigo, toa stika na picha ulizopiga, andikiwa ripoti na uondoke na namba yake. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, sanduku lililoharibika unalilalamikia kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea, na lililochelewa ndani ya siku 21.

Saa 24, siku 14, siku 30, siku 90

Hesabu hizi zinaanza ukiwa bado na wenge, ndiyo maana watu huzipita.

China: ndani ya saa 24 polisi wa eneo lazima wajue unalala wapi. Hoteli hukuandikisha yenyewe, na bweni kwa kawaida hushughulikia, lakini ukilala kwa rafiki ni jukumu lenu kwenda kituoni. Karatasi wanayokupa itunze, kibali cha ukaazi hakiombwi bila hiyo. Mwenye X1 ana siku 30 tangu kuingia kuomba kibali hicho, na pasipoti inaweza kubaki ofisini hadi siku 15. Utatembea na risiti. Usipange safari katika kipindi hicho. X1 kwa kawaida ni ya kuingia mara moja, na kwenda Hong Kong au Macau kunahesabiwa kuwa umetoka nchini. Kila mwaka kuna anayekwenda kutembea Hong Kong mwishoni mwa wiki kisha akajikuta anaomba viza upya.

Japani: siku 14 tangu uhamie kwenye makazi, uandikishe anwani kwenye ofisi ya mtaa au jiji. Siku hiyohiyo jiunge na bima ya afya ya taifa. Kama umefikisha miaka 20 utaandikishwa pia kwenye pensheni. Ulizia utaratibu wa wanafunzi wa kuahirisha michango, usije ukaanza kupokea bahasha za madeni.

India: viza ya mwanafunzi inayozidi siku 180 huandikishwa FRRO, ofisi ya kuandikisha wageni, ndani ya siku 14, na hufanyika mtandaoni. Korea una siku 90 za kujiandikisha uhamiaji, lakini usizingoje. Miadi ya uhamiaji hujaa mwanzoni mwa muhula, na bila kadi ya ukaazi hupati laini ya simu ya jina lako wala huduma kamili za benki. Weka miadi wiki ya kwanza. Bima ya afya ya taifa imekuwa lazima kwa wanafunzi wa kigeni tangu Machi 2021, na ankara hutumwa kwenye anwani uliyoandikisha, kwa hiyo ukihama chumba, badilisha anwani.

Kabla ya likizo ya kwanza ya kurudi nyumbani au kwenda nchi jirani, mwulize karani wa chuo kama ukitoka utaweza kurudi kwa hati ulizonazo. Japani mwenye kadi ya ukaazi anarudi bila kuomba viza upya kama hatazidisha mwaka mmoja, ila kwenye fomu ya kutoka kuna kisanduku cha kuonyesha kwamba unakusudia kurudi. Weka tiki humo, mwonyeshe afisa kadi yako pamoja na pasipoti, na uhakikishe ameiona tiki hiyo kabla hajagonga muhuri.